Mchanga wa Ufuoni

Jamani, leo nimevunjisha nguzo za watu, na mwili wote umechoka.

Nilifika kwenye hoteli tunayojenga Malindi, mimi ndiye mhandisi, nikakuta zege linachanganywa kwa mchanga wa ufuoni, na nguzo kadhaa zimeshajengwa nalo. Nikauonja. Chumvi tupu! Vyuma vingeliwa na kutu humo ndani.

"Bomoeni," nikawaambia mafundi.

Mwenye jengo, Bwana Salim, akaja juu. "Mwanamke wewe, umesomea kujenga au kubomoa?"

Sikubishana; nikamwonjesha mchanga na kumweleza habari ya kutu. Nguzo zikabomolewa.

Bwana Salim akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na nyumba yangu ya Mnarani? Niliijenga kwa mchanga huu huu. Wanangu wanalala humo."

Nikamwomba anielekeze ilipo.

Kesho nakwenda huko nikaikague. Nyinyi mngemjibuje?