Mchanga Uliomfika Mwinshehe Mabegani

Talha alikuwa akipika wali na maharage kwenye machimbo ya mchanga kule Mbagala, enzi zile za ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila mwenye kiwanja akawa anajenga. Saruji ilijaa madukani, na matipa yalipanga foleni tangu asubuhi kungoja mchanga. Mumewe, Mwinshehe, alichimba kwenye machimbo hayohayo. Zamani alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipopunguza watu naye alipunguzwa, akanunua beleshi. Basi mume akachimba, mke akawapikia wachimbaji, na binti yao Najma akawa anashinda kwa bibi yake.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Talha alikuwa anapakua sahani za kwanza aliposikia kishindo kizito, kisha kimya. Alipogeuka, ukuta mzima wa shimo haukuwepo pale ulipokuwa. Alikimbia na sahani ya bati mkononi, wala hakujua kwamba ameishika.

Aliyefukiwa alikuwa Mwinshehe peke yake. Alifukiwa wima mpaka mabegani, mkono mmoja uko nje, kofia bado iko kichwani. Na alikuwa anazungumza.

"Mie nipo jamani," alisema. "Miguu tu ndiyo siisikii."

Wachimbaji walicheka, kicheko cha watu waliotoka jasho la woga. Mfaume, mkubwa wao kwa umri, alisema, "Una bahati wewe. Kichwa kikiwa nje, yaliyobaki ni kazi ya beleshi."

Talha alikaa chini na kumshukuru Mungu. Pua iko wazi, mdomo uko wazi, hewa tele. Hatari gani tena?

Walimfunga kamba kwenye ule mkono, wakaanza kuvuta. Mwinshehe hakusogea hata kidogo, ila mchanga wa nyuma yake ulitiririka na kumbana zaidi mgongoni.

"Acheni," alisema. "Acheni kwanza. Pumzi..."

Hakumaliza. Talha alimwona akiachama kama mtu anayetaka kunywa mvua, misuli ya shingo imesimama kama kamba, mashimo ya juu ya mitulinga, ile mifupa ya chini ya shingo, yamezama ndani. Alikuwa anavuta kwa nguvu zake zote na hakuna kilichoingia. Kila alipotoa pumzi kidogo, kifua kilishuka, na mchanga mbichi ukaingia pale kilipokuwa, ukakaza. Pumzi iliyofuata ikawa ndogo kuliko ile. Uso wake ukaanza kubadilika rangi, ukawa kama zambarau iliyoiva.

"Anakufa," Talha alisema. Hakuna aliyemsikia. "Kaka Mfaume, anakufa huku tunamtazama."

"Si mdomo uko wazi, shemeji? Hewa si hiyo hapo?"

Talha alirukia shimoni. Walimpigia kelele atoke, kwamba ukuta uliobaki utashuka. Hakutoka. Alipiga magoti mbele ya mumewe na kuanza kuchota mchanga wa kifuani kwa ile sahani. "Kifua," alisema. "Acheni kamba, fukueni kifua." Mfaume alisimama kidogo, akaitupa kamba, akaingia naye. Wengine walileta mbao za tipa wakaukinga ukuta kwa migongo yao.

Midomo ya Mwinshehe ilikuwa inachezacheza bila sauti. Talha alidhani anapiga shahada. Alichota, mchanga ukarudi, akachota tena, mpaka akaweza kupitisha viganja baina ya mchanga na mbavu. Hapo Mwinshehe alivuta pumzi yenye mlio wa bawaba zenye kutu, na Talha akaisikia ikiingia.

Walimtoa kwa mikono, wakampeleka hospitali juu ya tipa tupu.

Alipoitwa wodini, Talha aliwaambia manesi wamekosea mgonjwa. Mtu aliyelala pale alikuwa na uso uliovimba, wenye vidoa vyekundu kama vipele, na macho yake hayakuwa na weupe hata kidogo. Ni damu tupu. Alimtambua kwa kovu la kidevuni. Kisha shuka lilipofunuliwa aliona jambo lililomtisha kuliko macho. Mwinshehe alipovuta pumzi kifua kilipanda, lakini upande wa kushoto kipande cha ukubwa wa kiganja kilizama ndani. Alipotoa pumzi, kifua kilishuka na kile kipande kikatokeza.

"Mbavu zimevunjika hapo," alisema nesi mmoja aliyeitwa Atuganile. "Kipande hicho hakijashikwa na kitu."

"Lakini sista, kichwa kilikuwa nje. Kwa nini alikosa hewa?"

Atuganile aliuchukua mkono wa Talha na kuuweka kwenye mbavu za Talha mwenyewe. "Vuta pumzi, mama. Unasikia zinavyonyanyuka na kutanuka? Kati ya mbavu na mbavu kuna misuli, ndiyo inayozinyanyua. Na chini ya mapafu kuna kiwambo cha msuli, kinashuka. Kifua kikitanuka ndipo hewa inaingia. Mapafu yenyewe hayana nguvu ya kuvuta. Mchanga ulizikaba mbavu."

Talha aliondoa mkono. Maisha yake yote alijua pua ndiyo inayovuta.

Jioni mama mkwe alikuja na kanga, wamfunge mwanawe kifua kikaze. Atuganile alikataa. "Mkimkaza tena mnamrudisha kwenye mchanga." Alimpa Mwinshehe mto aukumbatie, akamlazimisha akohoe ili makohozi yasigande mapafuni. Mwinshehe alikohoa huku machozi yakimtoka kwenye yale macho ya damu.

Sauti iliporudi, Talha alimuuliza kama kule shimoni alikuwa anapiga shahada.

"Hapana, mama Najma. Nilikuwa nakwambia utoke. Nyuma yako ukuta ulikuwa umepasuka."

Talha alikuwa ameshika bakuli la uji. Ilibidi aliweke chini.

Mwinshehe alirudi nyumbani kabla macho hayajasafika, na Najma kwa muda mrefu alimwamkia baba yake kutoka nyuma ya gauni la bibi. Talha alikwenda machimboni kuchukua masufuria yake. Alisimama pale juu na hakuyaamini macho yake. Walikuwa wanachimba ukuta uleule.

Mfaume alipanda kuja kumsalimia, kichwa ameinamisha. "Tule nini, shemeji? Tipa haziachi kuja."

"Weka mkono mbavuni," Talha alimwambia. "Vuta pumzi." Mfaume alifanya hivyo, akabaki anautazama mkono wake. "Mtu akifukiwa tena, anzeni hapo. Msimvute."

Akabeba masufuria, akahamishia mapishi yake Rangi Tatu, karibu na soko. Mwinshehe hakuweza tena kunyanyua beleshi. Alijifunza kushona viatu vya mitumba, akaweka benchi lake kando ya meza ya mkewe. Kilima cha kwenda nyumbani si kikubwa, lakini akifika katikati husimama, mkono kiunoni, akivuta pumzi kidogo kidogo. Talha husimama naye, wala hamuulizi kitu.