Fundo la Njiapanda ya Saba

Mgeni ukifika kwetu, jambo la kwanza nitakuomba uniachie tochi yako hapa mezani. Sina haja nayo. Ninazo tochi za watu sanduku zima, na wenyewe wakitoka mgodini huja kuzichukua huku wakijicheka. Mlima wetu unatoa jiwe linalokunywa mwanga. Sisi tunaliita kiza. Kipande cha ukubwa wa ndimu ukikiweka juu ya kabati, chumba kinaingia giza mchana kweupe, ndiyo maana walinzi wanaolala mchana na watu wenye macho mabovu hulinunua kutoka mbali. Sasa fikiria mlima mzima. Ukiingia mlangoni, hatua ya nne tochi yako inakuwa mzigo tu. Hatua ya tano huoni hata kiganja chako.

Wala usije na kile kitabu cha kuongoza wageni. Kiliandikwa na bwana mmoja mwenye kofia nzuri, aliyelala katika nyumba yangu hii ya wageni siku tatu, akala vizuri, na hakutia mguu mgodini kwa sababu alikuwa na mafua. Ukurasa wa nane anasema tuna ziwa. Ziwa lenyewe ni birika la kufulia. Katikati kuna ramani ya rangi nne, maridadi kweli, ya kusomwa mahali ambapo hakuna anayeona. Mke na mume mmoja waliingia nayo, wakapatikana baada ya saa nne wamekaa kwenye mkokoteni wa mawe, wanalaumiana. Baraza la mji likaona aibu, likakata shauri kwamba njia ya zamani ifunguliwe kwa wageni na iwekwe kamba ya heshima.

Hapo ndipo shangazi yangu anapoingia.

Ngoja kwanza nikueleze kamba. Mgodini tunatembea kwa mkono. Kamba ya katani imeshikizwa ukutani kwa kulabu, usawa wa kiuno, nawe unaipitisha kiganjani ukienda. Mafundo mawili yaliyobanana maana yake kuna ngazi, teremka. Ukifika njiapanda kamba inaisha, kwa sababu mikokoteni inakatiza hapo, na mwisho wake kuna fundo lenye mkia wa shibiri moja. Mkia ukitokea juu ya kamba, pinda kulia. Ukitokea chini, pinda kushoto. Unaachia, unapinda, unapapasa ukuta mpaka upate kamba nyingine. Mtoto wa miaka sita wa hapa analijua hilo kabla hajajua kuvaa viatu.

Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, alikuwa msuka kamba wa mgodi. Mji mzima unamwita Mashoto, kwa kuwa mkono wake wa kushoto ndio wenye akili. Mafundo ya mgodi yanafungwa kwa mkono wa kulia. Ukiyafunga kwa mkono wa kushoto bila kufikiri, mkia unatokea upande usiotakiwa. Yeye alikuwa anafikiri. Miaka kumi na moja alifikiri kila fundo, hakukosea hata moja. Siku moja, mkia wa njiapanda ya saba ulinasa kwenye mkokoteni ukakatika. Akaitwa haraka, akafunga jipya kulekule gizani, watu wa zamu wakiwa nyuma yake wanapiga kelele wanataka kupita. Alilifunga kama alivyozaliwa. Mkia ulitakiwa uwe juu, ukawa chini.

Watu kumi na wawili walipinda kushoto, kwenye handaki lililojaa maji. Kumi na mmoja walirudi nyuma wakatoka, wameloa na wamekasirika. Wa kumi na mbili alikuwa mbele yao wote, akateleza ukingoni akaporomokea chini. Huyo ni baba yangu. Alisimama kwenye maji ya kiuno kwa muda wa saa tisa, ameegemea ukuta, mpaka wakampata. Nilikuwa na miaka tisa, nakumbuka jinsi walivyomtoa midomo imekauka, na shangazi amekaa chini mlangoni pa mgodi, mikono kaikalia.

Njia ile ikafungwa. Shangazi akaachishwa kazi. Baba hakuingia tena mgodini, akafungua kibanda cha kushona viatu pale mbele ya nyumba yetu.

Na hakumnunia. Ingekuwa afadhali angemnunia, tungewapatanisha, yakaisha. Alimsalimia kila asubuhi, akala naye, akacheka naye. Ila kila kitu alichokifunga shangazi, baba alikifungua akakifunga upya. Furushi la nguo, anafungua, anafunga. Gunia la mkaa, vilevile. Kamba ya kuanikia nguo uani kwetu, shangazi aliifunga asubuhi, mchana baba akaifungua kimyakimya, akaikaza kwa mkono wake wa kulia. Shangazi aliona. Mimi nilikuwa nachemka kwa niaba yao wote wawili.

Kuanzia mwaka ule shangazi aliamua mkono wa kulia ujifunze, utake usitake. Alikorogea, akafagilia, akaandikia. Mwaka mzima tulikula mboga zilizokatwa kama zimegombana na kisu. Alipokuwa amekaa bure alikuwa na kipande cha kamba mapajani, anafunga, anafungua, macho kayafumba. Miaka ishirini na miwili, jamani. Mtu angedhani anasubiri barua.

Basi baraza lilipotaka kamba ya njia ya zamani, msuka kamba wa sasa alisema wazi kwamba haijui njia ile, alikuja mjini imeshafungwa. Anayekumbuka urefu wa kila kipande ni mtu mmoja tu. Nyapara wa mgodi akaja kwangu, akakaa kiti kilekile unachokalia, akamwambia shangazi kwa sauti ya kubembeleza:

"Mama, wewe utamtajia vipimo, yeye atafunga. Wewe usijichoshe."

"Sijachoka."

"Unanielewa lakini."

"Nimekuelewa vizuri sana. Hutaki mkono wangu. Basi vipimo vimo kichwani, na kichwa hiki kimeungana na mkono huu. Mkitaka kimoja, mchukue vyote."

Nyapara akanitazama mimi, kana kwamba nitamsaidia. Nikamwongezea chai.

Akakubali, lakini kwa sharti la desturi yetu. Kamba mpya haitumiki mpaka mtu mmoja wa mji aipite akiwa wa kwanza, mtu asiyeambiwa chochote kuhusu njia, na aliyeifunga abaki mlangoni akisubiri kengele ya upande wa pili. Kamba inaitiwa mtu wa kuishika asubuhi tatu. Asiposhika mtu, inateremshwa, na aliyeifunga hafungi tena. Nyapara mwenyewe hawezi kuishika kwa sababu njia anaijua. Na njia ilikuwa imebadilika kwa ndani, ila waliokwenda kuikagua walimweleza shangazi peke yake, kisha wakala kiapo cha kufunga midomo.

Shangazi alifunga kamba ile hapa, kwenye ukumbi wangu, wiki tatu, na wiki hizo zote baba alipitia uani, hakutia mguu ukumbini. Wageni walikuwa wanairuka kwenda kunawa. Alipima kwa pima za mikono yake, akafunga kwa mkono wa kulia, kisha akasimama ukutani, macho kayafumba, akaipapasa kama mpita njia. Fundo moja baada ya jingine, mkono wa kulia haukumwangusha. Halafu jioni moja, napita na mashuka, nikamwona amebadilisha. Anafunga kwa kushoto, taratibu, ulimi katoa nje kidogo.

"Shangazi! Mkono huo!"

"Nauona mkono wangu, asante."

"Watu wakijua je?"

"Kwani wewe utawaambia? Peleka mashuka."

Nilipeleka. Niliogopa, na nikajionea aibu kwa kuogopa, kwa sababu hofu yangu ilikuwa ileile ya baba, tofauti ni kwamba mimi sikuwahi kusimama ndani ya maji.

Asubuhi ya kwanza nyapara aliita mlangoni pa mgodi, watu wamejaa. Kila mmoja akawa na kazi ya kuangalia kucha zake. Asubuhi ya pili walikuja wachache zaidi, wakasimama mbali zaidi. Yule fundi seremala ambaye shangazi alimlelea mapacha wake akasema mguu unamsumbua. Nilimwambia mbele za watu kwamba mguu huo haukumsumbua juzi alipokuwa anacheza kwenye harusi. Mimi singeweza kujitolea, nilikuwa nimeona kamba ikifungwa, kwa desturi nahesabiwa najua. Shangazi alikaa kwenye jiwe lake mlangoni, mgongo umenyooka. Jioni nikamwambia tuiteremshe wenyewe, tusingoje kudhalilishwa.

"Bado asubuhi moja," akasema. "Mimi siteremshi."

Asubuhi ya tatu nyapara aliita mara ya kwanza. Akaita mara ya pili. Alipofungua mdomo kuita ya mwisho, nilisikia viatu nyuma yangu. Ni baba, na aproni yake ya ngozi, gundi mikononi. Alikuwa ameacha kibanda wazi, yeye anayefunga kibanda hata akienda chooni.

"Mdogo wangu," shangazi akasema, akasimama. "Wewe hapana."

"Kwani imeandikwa wapi kwamba mimi hapana?"

"Huna haja ya kunithibitishia kitu."

"Sikuja kukuthibitishia kitu. Nimekuja kupita." Akamgeukia nyapara. "Mlango ni uleule?"

Aliingia. Desturi inaruhusu nyapara afuate nyuma kusikiliza tu, na ndugu mmoja, wote wafunge vinywa. Mimi ndiye niliyefuata. Hatua ya tano giza likatumeza, nikabaki na kamba kiganjani na pumzi za baba mbele yangu. Zilikuwa fupi. Njiapanda ya kwanza, mkia juu, akapinda kulia. Ya pili, chini, kushoto. Ngazi, akateremka akihesabu kwa sauti ndogo. Ya tatu, ya nne. Ya tano alisimama kufuta mikono. Ya sita akapinda bila kusita, nikaanza kupumua.

Ya saba kamba ikaisha, na baba akasimama.

Nilipapasa nikapita begani kwake, nikaugusa mkia. Ulikuwa chini. Kushoto. Mahali palepale, fundo lilelile, upande uleule wa maji. Nikajua kwamba hili ndilo nililomwona akilifunga kwa mkono wa kushoto, na moyo wangu ukaniambia shangazi amerudia. Mwanamke huyu baada ya miaka ishirini na miwili amerudia kosa lake, na aliyesimama mbele ya kosa ni baba yangu tena. Nilitaka kupiga kelele. Nyapara nyuma yangu alikuwa kimya, na kimya chake hakikuniambia kitu, ndivyo alivyoapa.

Baba alilishika fundo lile muda mrefu. Nilisikia kidole chake kikipita juu ya katani, kikirudi, kikipita tena. Anajua jinsi lilivyofungwa. Mtu aliyefungua mafundo ya dada yake miaka yote hiyo anaujua mkono wake kuliko mtu yeyote mjini.

"Kwa mashoto," akasema, peke yake. Akavuta pumzi. "Mengine sita ni ya kulia. Hili hakukosea. Hili alilitaka."

Akaachia kamba, akapinda kushoto.

Nilisikia viatu vyake vikienda, na nikasubiri mlio wa maji. Nilisikia changarawe kavu. Halafu kiganja kinapapasa ukuta, kinapapasa, na kulabu ya chuma ikalia kidogo alipoipata kamba ya pili. Nikamfuata nikilia bila sauti, nimeshika aproni yake kama mtoto. Mifereji ilikuwa imeyatoa maji yale zamani. Upande wa kulia ndio ulioporomoka, ukitaka kutoka hai njia ni ile ya kushoto tu. Baada ya njiapanda nne tuliona weupe, tukatokea upande wa pili wa mlima, jua limejaa kila mahali. Nyapara alinyoosha mkono kwenye kengele. Baba akausukuma mkono wake, akaipiga mwenyewe, mara kumi na mbili.

Niliwahi kumuuliza shangazi kwa nini alihatarisha vile, kwa nini fundo lile asilifunge kwa mkono wa kulia kama mengine.

"Nilijaribu," akasema. "Mkono wa kulia ulilifunga vizuri. Lakini mdogo wangu angelishika, asingejua ni la nani."

"Ulijua atakuja?"

"Sikujua. Nililifunga kwa ajili yake hivyohivyo."

Siku ile walirudi nyumbani pamoja, watu wakiwafuata nyuma na maneno mengi ya pongezi, yule seremala akiwa mbele, mguu umepona. Baba hakuwajali. Alipitiliza uani, akaenda kwenye kamba ya kuanikia nguo, akalifungua fundo alilolikaza mwenyewe. Kamba ikaanguka na mashuka yangu safi yote yakalala mavumbini. Nilifungua kinywa nimpashe, nikakifunga. Akachukua ncha ya kamba, akamnyooshea dada yake.

"Funga."

Shangazi aliipokea, akaitazama. Akaihamisha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Kwa mkono upi?"

"Wako," baba akasema.