Wakulima wa Keringet

Jepleting alikuwa na shahada, na kwa kuwa hakuna shule iliyomwita, alipiga chapa kazi za wanafunzi katika kibanda kimoja karibu na steji ya mabasi ya Nakuru. Wenzake wa kazi hiyo walimwandikia mteja kila kitu, hadi shukrani kwa wazazi. Yeye alisoma rasimu kwa penseli, akapiga mstari palipolegea, akaandika swali pembeni, kisha akamrudishia mwenyewe akaandike upya. "Kazi ni yako," aliwaambia, kwa sauti ya chini kiasi kwamba wengi walimwomba arudie.

Dalmas, mwanafunzi wa chuo kikuu, alianza kuja mwaka wa 2007. Alikuwa akiandika tasnifu kuhusu wakulima wa viazi wa Keringet na jinsi wanavyochagua mbegu. Sura za kwanza walizihangaikia pamoja hadi zikanyooka. Halafu zikaja fujo za baada ya uchaguzi, na aliporudi mwezi wa Machi karatasi za mahojiano zilikuwa bado tupu. Wakulima wake walikuwa wamefukuzwa makwao.

"Sista, nitungie tu majibu," alisema. "Si wewe ni mtu wa huko juu Keringet? Unajua vile wanaongea."

"Wengi wako hapa mjini, kambini. Nenda uwaulize."

Alienda. Mama mmoja aliyekuwa akikoroga uji aliitazama kalamu yake. "Kijana, nyumba imeungua, na wewe unauliza mbegu?" Lakini alimwonyesha pa kukaa, akamjibu. Wengine wachache wakafuata.

Jepleting alimsihi aandike hivyo hivyo: nani alipatikana, nani hakupatikana, na kwa nini. Dalmas aliuandika ukurasa huo, akaufuta, akauandika tena. Ulipokamilika, Jepleting hakupata pa kuweka penseli.

Msimamizi wa Dalmas chuoni aliukata wote kwa wino mwekundu. Waliojibu ni wachache mno. Arudie utafiti, na asahau mahafali ya mwaka huo. Wanafunzi walioleta majibu kamili walipita.

"Kamili?" Jepleting aliuliza. "Mwaka huu? Wameyatoa wapi?"

"Unajua wameyatoa wapi." Dalmas alikuwa akikusanya karatasi zake. "Mathe wangu ameshaalika kanisa zima kwa mahafali."

"Naweza kumwandikia msimamizi, nimweleze vile ulivyohangaika..."

"Usinisaidie tena, sista. Tafadhali."

Akatoka. Kibanda cha Jepleting na cha Odero, mmoja wa wale walioandikia wateja kila kitu, vilitenganishwa na ubao mwembamba, na Odero hakuwa mtu wa kunong'ona.

"Karibu, msomi! Leo umekuja kwa wenye kazi. Unataka wakulima wangapi?"

"Hamsini," ilisema sauti ya Dalmas.

Jepleting alisikia kibodi ikianza kugongwa.

"Wenye mashamba yao, ama wa kukodisha?"

"Changanya tu, boss."