Zamu ya Alhamisi

Wengi wakisimulia mambo ya aina hii huanza na giza na bundi. Mimi yangu yalinikuta saa tisa mchana, sufuria ya uji ikiwa jikoni na redio ya jirani ikihubiri. Mkisema nilisinzia, semeni. Nilikuwa macho kuliko ninyi mnaonisikiliza sasa.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Ofisi inanipangia nyumba, nakaa na mzee wa watu: naogesha, nalisha, nageuza kitandani kila saa mbili asitoke vidonda. Kwangu ni Sombetini, mjini, ila mwezi ule nililala kazini, juu kidogo ya Ngaramtoni, kwa koko mmoja wa Kiarusha. Koko ni bibi, ndivyo wanavyoita kule. Alikuwa amepooza upande mzima wa kushoto. Mkono wa kushoto ulikuwa umekufa miaka miwili, ukiuinua unadondoka. Akili yake ilikuwa timamu, na mdomo aliubakiza, tena mkali. Uji ukipoa kidogo tu utasikia, "Wewe binti, hiki unampa mbwa?"

Koko alikuwa na kitinda mimba wake, Lomayani, aliyegombana naye kwa sababu ya shamba. Akahamia Mwanza, miaka saba hajakanyaga kwa mama yake. Wiki ile akapiga simu: Jumamosi nakuja. Kwao mtoto, hata awe na mvi, humwinamia mzazi, naye mzazi humgusa kichwani. Hiyo ndiyo salamu, na ndiyo baraka. Koko akaanza kuufanyisha mazoezi mkono wake wa kulia, kuuinua na kuushusha. Ananiambia, "Huu una kazi Jumamosi. Kabla ya hapo sifi, umesikia?" Nikamwambia nimesikia.

Basi Alhamisi. Kipupwe, ukungu umeshuka kutoka mlimani mpaka migombani, manyunyu tangu asubuhi, nje tope tupu. Nilikuwa na siku tisa sijalala kwangu, mgongo unaniuma. Ofisi walikuwa wameniahidi mtu wa kunipokea nipumzike, na wao wakiahidi hawasemi lini. Nimetoka kupiga deki korido, nainua kichwa, mwanamke amesimama mlangoni kwa Koko. Hodi hakupiga.

Mtu mzima, makamo ya mama yangu mdogo, amejifunga shuka la bluu begani. Nikasema, "Shikamoo mama." Jamani, shikamoo unaijua ilivyo, hata mtu mnayechukiana naye ataitikia marahaba kwa pua. Huyu hakuitikia kabisa. Akasema tu, "Nimekuja kukaa naye. Wewe kapumzike."

Hapo ndipo lilipo kosa langu la kwanza. Mtu aliyechoka akiambiwa kapumzike haulizi maswali mengi. Nikasema moyoni, ofisi wameniletea mwenye kiburi, ila afadhali kiburi kuliko mgongo huu. Nikatazama sakafu nimlaumu kwa tope. Hapakuwa na alama hata ya kidole. Niliona, wallahi niliona, nikajiambia kavua viatu.

Sisi tunaofanya kazi hii hatukabidhiani mgonjwa kwa mdomo. Unanawa, mnamgeuza mgonjwa pamoja, mnakagua mgongo, kisha anayepokea anaweka sahihi kwenye daftari mbele ya siku na saa. Nikachukua jagi na beseni, nikammwagia maji mikononi. Maji yakaanguka kwenye beseni. Mikono yake ikabaki mikavu.

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Ningekimbia nimwache nani na mgonjwa?

Tena nilikuwa bado sijaelewa. Mazoea yana nguvu. Nikamwelekeza kama ninavyomwelekeza yeyote mgeni: "Shika upande wa kushoto, ndio mbovu, uuzoee." Mimi nikaenda kulia. Akauchukua ule mkono uliokufa, na mkono ukafunga vidole. Ukamshika! Ukainuka wenyewe kutoka kwenye shuka, umemkamata yule mama barabara.

Na mimi, mjinga wa mwisho, nikapiga kelele za furaha. "Koko! Mkono umeamka!" Nani kati ya wahudumu asingefurahi? Miaka miwili ya kuukanda kwa mafuta! Nilitaka kukimbilia simu niwaambie watoto wake.

Koko hakufurahi. Macho yamemtoka. Akasema taratibu, "Huyo ni dada yangu. Tulimzika kabla sijaolewa."

Niliogopa, sitadanganya. Kila nikivuta pumzi nasikia harufu ya udongo uliochimbwa. Yule mama akaanza kuvuta, polepole, kama unavyomwinua mtu kitandani. Na Koko alikuwa anakwenda. Mwili nauona palepale, lakini uso unakuwa mwepesi, pumzi inakatika. Akanitazama mimi. Midomo ikasema, bila sauti, "Jumamosi."

Hasira ilinipanda mpaka nikasahau woga. Nikaushika ule mkono wa kulia wa Koko kwa mkono wangu wa kushoto, nikaubana kifuani kwangu. Kwa mkono wangu mwingine nikavikamata vidole vya yule mama nivibandue. Baridi yake sijui niielezeje. Ilinipanda mpaka begani.

Akasema, "Niachie. Amechoka."

"Aliyechoka ni mimi!" nikamjibu. "Siku tisa! Umesikia yeye amesema amechoka? Unaingia nyumba ya watu bila hodi, shikamoo huitikii, maji hayakushiki, halafu unataka mgonjwa wangu? Hata kama ni mdogo wako. Alipopooza ulikuwa wapi? Nani kamwogesha? Mkono huu una kazi Jumamosi, na zamu ni yangu mpaka Jumamosi jioni. Sikabidhi!"

Sikuona ubaya machoni mwake, na hilo ndilo linanisumbua mpaka leo. Aliniangalia kama mtu aliyetoka safari ya mbali akakuta mlango umefungwa.

Nikamsukumia daftari lililokuwa kitandani. Nilikuwa nimeshapiga mistari ya wiki nzima. "Ukimtaka, weka sahihi siku yako. Leo haipo." Sijui nilipata wapi ule ubishi. Naye akainama, akapitisha kidole juu ya mistari, Alhamisi, Ijumaa, akasimama Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Akabonyeza dole gumba, kama wazee wasiosoma wanavyotia sahihi. Kisha vidole vyake vikalegea mkononi mwangu, na pale aliposimama pakabaki ukuta. Mkono wa kushoto wa Koko ukadondoka kitandani. Kwenye daftari alama ilikuwepo, nyekundu, ya udongo.

Koko akavuta pumzi, akasema, "Uji wangu uko wapi?" Nikalia palepale.

Jumamosi Lomayani alifika saa tisa na nusu, jitu zima lenye kitambi, likabaki limesimama kwenye mibuni linajifanya kuongea na simu. Saa kumi. Saa kumi na nusu. Nikatoka. "Ingia wewe! Nimegombana na marehemu kwa ajili yako, halafu unaogopa mama mzazi?" Hakuelewa, ila aliingia. Akapiga magoti, akainama. Koko akauinua ule mkono wa kulia, unatetemeka, mimi nimejikaza nisimsaidie, akauweka kichwani kwa mwanawe. Akasema maneno ya Kimaa, lugha yao, ambayo sikuyaelewa. Lile jitu zima likalia kwa sauti.

Saa kumi na mbili, mwanawe akiwa bado amemshika mkono wa kulia, ule wa kushoto ukainuka wenyewe, ukafunga vidole hewani. Safari hii Koko alitabasamu. Nilikwenda kunawa, nikachukua daftari, nikaandika mbele ya lile dole: Nimekabidhi.

Binti yake mkubwa anasema nilisinzia Alhamisi na alama niliitia mwenyewe. Ofisi walinitaka niandike ukurasa upya, safi. Nikakataa, na daftari ninalo. Mkono wangu wa kulia, ule niliobandulia vidole vyake, hausikii joto tena. Maji ya kuogeshea wagonjwa nayapima kwa kiwiko.

Wahudumu wenzangu, atakayekuja kukupokea mnawishe kwanza, na umtazame mikono. Ikibaki mikavu, usimpe mgonjwa. Akija tena kwenye zamu yangu nitambishia vilevile, dada wa mtu au mama wa mtu.

Na wewe uliyeko Mwanza, sijui Dar, mwenye mama kitandani na neno lililokukaa kooni, usiseme Jumamosi. Koko alinipata mimi. Mama yako sijui yuko na nani leo saa tisa.