Jora la Feni

Mama yangu hakuwahi kutununulia nguo za Krismasi. Alinunua jora. Pamba ikishauzwa, kabla baba hajaanza kuzungumzia mambo ya bati, yeye alikwenda Bariadi mjini akarudi na jora zima kichwani, na humo ndimo tulimotoka sisi sote: wavulana shati na kaptula, wasichana gauni lenye mikono iliyovimba mabegani, na makombo yakawa foronya. Asubuhi ya sikukuu tulikwenda kanisani kwa mstari, tumefanana kama punje za hindi moja. Aliyetuona kutoka ng'ambo ya mashamba hakuhitaji kuuliza ni watoto wa nani.

Miaka ya uhaba utaratibu huu uliingia dosari. Duka la ushirika lilileta kitambaa cha aina moja, kwa foleni, kila kaya na mita zake, na mwaka mmoja kijiji kizima tulisherehekea kuzaliwa kwa Bwana tukiwa na rangi ya mlenda. Ungedhani ni shule ya bweni. Mama alivumilia kukosa sukari, akavumilia kukosa sabuni na mafuta ya taa, lakini watoto wake kuchanganywa na wa jirani, hapana.

Kwa hiyo milango ya biashara ilipofunguliwa, wakati wasomi wenzangu wanagombana kwenye makongamano kama soko huria ni neema au laana, yeye alikwishapitisha uamuzi. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na mizani yao, maduka ya mjini yakajaa vitambaa hadi barazani, na mama yangu, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasimama mbele ya ukuta wa majora akaambiwa achague. Mwaka ninaousimulia alichagua manjano yenye feni za buluu. Feni za mezani, zile za umeme, kila moja ukubwa wa sahani, zimetapakaa kitambaa kizima. Nyumbani kwetu taa ilikuwa kibatari.

Nilipomuuliza kwa nini feni, alinishangaa. "Kwa sababu hakuna mwingine atakayelichukua," alisema.

Wakati huo nilikuwa Dar es Salaam, mhadhiri kijana mwenye mkoba, nikiandika makala ndefu kuhusu vijiji nilivyovikimbia. Nilikuwa na mke na binti wa miaka mitano. Simiyu lilikuwa bado jina la mto tu, hatujawa mkoa. Tulikuwa tumeamua kwenda kwetu kwa Krismasi, mara ya kwanza tangu mtoto aanze kutembea, na mama aliposikia akatuma barua kwa mkono wa mpwa wangu: anataka uzi wa mtoto. Hivyo ndivyo alivyopima wajukuu waliokuwa mbali. Unachukua uzi, unaushusha kutoka begani hadi gotini, unapiga fundo. Unauzungusha kifuani, unapiga fundo la pili. Unautia kwenye bahasha.

Nilimjibu ukurasa mzima, lakini kiini chake kilikuwa maneno machache: Mama, usijisumbue. Mtoto ana nguo.

Mke wangu aliisoma kabla sijaifunga. "Una hakika na hii?"

"Nampunguzia mzigo."

"Alikwambia ni mzigo?"

Nilimweleza kidogo kuhusu uchumi wa kaya za wakulima wadogo. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akaenda kuchambua mchele.

Na nguo mtoto alikuwa nayo kweli: gauni jeupe la mtumba, zuri hasa, lina mkanda unaong'aa kiunoni na vifungo vya umbo la ua. Mke wangu alikuwa amelichimbua kwenye rundo kwa mikono miwili akipigana vikumbo na wanawake wenzake. Tulilifunga kwenye karatasi, likasafiri siku mbili kwa treni hadi Mwanza, kisha kwa basi kupitia Lamadi, ambako binti yangu aliwaona sangara wakubwa kuliko yeye akauliza kama nao wanapanda basi. Tulifika kijijini siku nne kabla ya sikukuu. Mvua zilikuwa zimeshika na watu wanarudi kutoka mashambani na matope hadi magotini.

Kwa baba na mama kulikuwa na wajukuu kumi na mmoja, watoto wa kaka zangu wawili na wa dada yangu. Walimpokea binti yangu vizuri mno, na hapo ndipo ilipokuwa shida. Wao walikaa chini, yeye wakampa kigoda. Viazi vikichomwa, kikubwa kilikuwa chake. Akitaka kwenda nao kisimani, walimnyang'anya ndoo kwa adabu kubwa. Kiswahili chake cha Dar kiliwaacha midomo wazi, na Kisukuma chao kilimwacha yeye vivyo hivyo. Siku ya pili aliniuliza mbona hawamsukumi.

"Unataka wakusukume?"

"Wao wanasukumana."

Siku mbili kabla ya Krismasi, mchana, nguo zikaletwa kutoka kwa fundi, zimefungwa kwenye shuka. Mama alikaa mlangoni akawaita wajukuu mmoja mmoja, akawavisha, akawapanga mstari uani kuanzia mrefu hadi mfupi. Feni zilitanda ua mzima. Kisha akapita mbele yao kama mkuu wa majeshi, akivuta pindo hapa, akikaza kifungo pale. Mwisho wa mstari, baada ya kitinda mimba wa kaka yangu, alikuwa amesimama binti yangu na kamisi yake tu, mikono imenyooka ubavuni, anasubiri kukaguliwa.

Mama akasimama mbele yake. Akanitazama mimi niliyekuwa nimekaa barazani na gazeti la wiki iliyopita.

"Wewe, mayu," akamwambia mtoto kwa Kiswahili chake cha taratibu, na mayu kwetu ni mama, ndivyo tunavyomwita hata msichana mdogo kwa kumheshimu, "baba yako ameniandikia kwamba una nguo."

"Ile ni ya peke yangu," binti yangu akasema. "Nataka ya sisi wote."

Mama aliinama akaokota makombo ya nyuzi, muda mrefu kuliko nyuzi zenyewe. Nilikuwa nimesoma miaka mingi, na nikachukua takriban dakika nzima kuelewa kwamba ile barua yangu ya upendo ilikuwa imemwambia mama yangu kwamba mtoto wangu si wa mstari ule.

"Mama, kitambaa kimebaki?"

"Kimebaki wapi? Cha ziada nimekishonea foronya, na wewe nimekushonea shati."

"Mimi?"

"Wewe hukuandika kwamba una nguo. Uliandika mtoto."

Dada yangu alicheka hadi akashika nguzo ya baraza. "Msomi! Vaa tukuone!"

Nilivaa. Mama alikuwa amenikadiria kwa mwili aliotamani niwe nao. Shati lilinifika karibu na magoti na feni mbili zilikaa kifuani zikitazama mbele kama taa za lori. Binti yangu alinizunguka, akaligusa pindo, akaitazama kamisi yake. Kule kuitazama ndiko kulikoniamsha kesho yake alfajiri.

Niliazima baiskeli ya kaka, nikampakia mtoto nyuma, nikaelekea Bariadi mjini kutafuta kitambaa cha feni. Foronya zote mama alikuwa amekwishazijaza pamba na kuzishona, kwa hiyo kielelezo pekee nilichokuwa nacho ni shati lenyewe, na namna rahisi ya kubeba shati ni kulivaa. Njia ilikuwa tope jeusi la mbuga, lile linaloshika tairi kama deni. Mara tatu tulishuka nikachokoa tope kwa kijiti huku watu wanaokwenda kulima wakinisalimia, "Mwangaluka," na macho yao yakibaki kwenye feni.

Mjini kulikuwa hakupitiki. Mabalozi wa soko huria walikuwa wamepanga bidhaa hadi katikati ya barabara: redio, ndala, maua ya plastiki, biskuti za kila nchi. Niliingia duka la kwanza la vitambaa, nikanyoosha kifua.

"Una kama hiki?"

Muuzaji akaegemea kaunta. "Nina cha ndege. Nina cha kuku na vifaranga. Nina cha miavuli, kizuri sana, mwalimu, miavuli inakufaa msimu huu."

"Nataka cha feni."

"Feni hapana."

Duka la pili hivyo hivyo, la tatu wakaitana kutoka stoo waje kunitazama. La nne ndilo mama alilonunua. Mwenye duka alilitambua shati kabla sijafungua mdomo.

"Kumbe wewe ni wa mama yule! Bwana, jora lile lilikaa hapa miezi saba. Nilileta moja, nikampata mtu mmoja wa kulinunua. Sikuthubutu kuleta la pili."

Binti yangu alikuwa amenishika kidole. "Hakuna?" akauliza.

"Tutapata," nilisema, kwa sauti ile ile ninayowaambia wanafunzi kwamba vitabu vitakuja.

Tulikwenda kwa fundi aliyezishona nguo zile, kwenye baraza lenye vyerehani vitatu vinavyolia kwa pamoja na wanawake zaidi ya kumi wanaodai nguo zao. Fundi alikuwa mzee mwembamba mwenye futi shingoni na pini mdomoni. Nilimweleza habari yote tangu mwanzo, hata ile barua. Nikamwomba anielekeze kama anajua duka lolote, hata Nyashimo, hata Mwanza, lenye kitambaa cha feni.

Fundi alitoa pini mdomoni moja moja. Akanitazama kutoka kola hadi pindo, akamtazama mtoto, akanitazama tena.

"Mwalimu," akasema, "hicho ulichovaa ni nini?"

Wale wanawake wakapasuka kwa kicheko.

"Kazunguka nacho mji mzima!"

"Mwacheni, ndio usomi huo, unatafuta kilicho mgongoni!"

"Vua, baba, vua mtoto avae! Usituonee haya, sisi ni mama zako."

Nilivua. Nikakaa kwenye benchi kati ya mama zangu hao, na fulana yangu yenye tundu kwapani, nikimtazama fundi akilifumua shati kwa wembe, mshono kwa mshono, akilitandaza mezani. Mwili ule mama alioutamani ulitosha gauni zima, mikono yake iliyovimba, na mfuko mdogo. Wanawake walikubali kupitwa kwenye foleni. Mmoja akashona vifungo mwenyewe ili mambo yaende haraka. Nikiri hapa jambo ambalo mke wangu tu ndiye analijua: nilikuwa na furaha mbili. Moja ilikuwa ya mtoto. Ya pili ilikuwa kwamba nimeokoka kuonekana kanisani na lile shati.

Jioni nyumbani, mama alipouona ule mfuko wa gauni alijua mara moja kwamba umetoka kwenye shati langu, maana alikuwa ameuchagulia feni yake mwenyewe ikae sawasawa. Alimvisha mtoto, akamsogeza kwenye mstari, kati ya wa saba na wa nane kwa urefu. Wa nane akamsukuma. Binti yangu akamsukuma naye.

Siku ya Krismasi nilivaa koti la kijivu na tai. Tulipokuwa njiani, wajukuu walitangulia, wakifuatwa na baba, kaka zangu, dada na mama, wote feni tupu. Kaka yangu mkubwa alikuwa na moja katikati ya kitambi, akipumua ungedhani inazunguka. Mimi na mke wangu tulikuja nyuma, na njia nzima nilijihisi kama ofisa wa wilaya anayesindikiza kwaya. Wapita njia waliwasalimia wao kwa jina la ukoo. Mimi walinipa "shikamoo" ya pembeni.

Kanisani watoto walikaa mbele kwenye mkeka, akina mama kushoto, sisi kulia. Baada ya nyimbo akasimama mzee wa kanisa aliyehamia karibuni kutoka Mwamanyili, mtu mchangamfu asiyenijua hata kidogo.

"Tunao wageni leo," akasema. "Wasimame tuwaone. Yule ndugu mwenye koti, usione haya."

Niligeuka nyuma kuangalia. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

"Simama, mgeni," kaka yangu akaninong'oneza, mabega yanamtikisika.

Nilisimama, nikafunga kifungo cha koti, nikasema kwamba nimetoka Dar es Salaam na kwamba mimi ni mtoto wa mzee huyu hapa. Mzee wa kanisa alimtazama baba na shati lake, akanitazama mimi, akalipokea jambo hilo kwa imani.

"Umefuatana na nani?"

"Mke wangu na binti yetu."

Mke wangu akasimama upande wa akina mama, wakampigia makofi.

"Na binti naye asimame, tumkaribishe."

Wote tukatazama mkekani. Migongo kumi na miwili ya manjano, vichwa kumi na viwili, na dada yangu alikuwa amewasuka wasichana wote mtindo mmoja jana yake. Hakuna aliyetikisika. Nilinyoosha shingo nikijaribu kumtambua mwanangu, nikashindwa.

"Labda amesinzia," mzee wa kanisa akasema.

"Hajasinzia, baba," mama yangu akajibu kutoka kwenye benchi lake, bila kugeuza kichwa. "Endelea na matangazo."

Ibada ilipokwisha nilimkuta nje, tope limekwishafika kwenye pindo, nikamuuliza mbona alipoitwa hakusimama.

"Alisema wageni," akaniambia, akachomoa mkono wake mkononi mwangu akawakimbilia wenzake, waliokuwa wameshaanza kusukumana njiani kurudi nyumbani kwenye wali.