Aliyekifuta Kiwanda Chake Mwenyewe

Habari zilinikuta kwa kinyozi, hapa mjini Arua, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa na nusu bado. Binti wa marehemu ndiye aliyenipigia simu. Alisema baba amefariki alfajiri nyumbani Koboko, baada ya kuugua kwa miezi mingi, na kwamba atazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri. Nilimwomba kinyozi amalize upesi, nikatafuta gari. Nilipofika, ua ulikuwa umejaa. Nilitarajia kuwaona maofisa wastaafu, na walikuwapo wachache, wameketi kwenye viti vya plastiki. Sikulitarajia lori lililowaleta akina mama wa kijiji cha Lurujo, wakulima wa muhogo, Waislamu kwa Wakristo. Walishuka na unga wao na masufuria yao, wakaelekea jikoni moja kwa moja bila kumuuliza mtu. Waombolezaji wote tulikula ugali wao siku ile. Nataka kuwaeleza wasomaji wangu kwa nini walikuja, kwa sababu kisa chenyewe kinanihusu na mimi, na katika safu hii hii niliwahi kukieleza vibaya.

Marehemu alikuwa mtaalamu wa mipango ya uchumi. Alizaliwa katika familia ya askari, akakulia kambini, kisha vita vikawapeleka wazazi wake uhamishoni, kama ilivyokuwa kwa familia nyingi za Koboko. Alirudi na Kiswahili chetu cha kambini na sokoni, ambacho elimu yote aliyoipata baadaye haikukiondoa, na mazoea ya kufunga vifungo vya shati mpaka shingoni hata jua likiwaka vipi. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Tulifahamiana tu, tukisalimiana kwenye vikao na misiba. Lakini yupo mtu ambaye humjui sana, na bado ukihesabu waliokufundisha jambo la maana, jina lake linatangulia.

Miaka kadhaa iliyopita iliundwa kamati ya kuandaa mpango wa maendeleo ya vijijini katika ukanda wetu, kuanzia Arua hadi mpakani na Sudan Kusini. Kamati ile haipo tena. Yeye aliajiriwa kuuandika mpango wenyewe: achague shughuli chache zinazoubeba uchumi wetu, yaani muhogo, ufuta, asali na biashara ya mpakani, aseme kila moja ifanyiwe nini. Kwenye muhogo aliandika kiwanda kikubwa cha wanga. Mwekezaji alikuwa amejitokeza, anachotaka ni ardhi tu. Michoro ilipendeza. Wajumbe walikishangilia, na baadhi yao walikwisha anza kukitangaza kwenye mikutano kana kwamba moshi wake unaonekana. Kilichobaki ni kwenda Lurujo, ambako ardhi ilitakiwa, wananchi waelezwe na watie saini.

Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe. Alizungumza kwa saa nzima katika uwanja wa shule, na watu walimsikiliza kwa adabu. Wingu lilikuwa linajikusanya. Akina mama wakaanza kunyanyuka, mmoja mmoja, wakielekea barabarani. Aliudhika. Akamzuia mmoja wao, mjane wa makamo, akamuuliza kama kiwanda hakimpendezi.

"Kiwanda iko mzuri, mzee," yule mama akamjibu. "Lakini muhogo yangu iko chini kwa barabara, na mvua iko nakuja. Kiwanda yako itafunika hii?"

Kisha akaenda zake. Muhogo wake ulikuwa umeanikwa kando ya barabara, kama wa jirani zake wote, na mvua ikanyesha kabla hajamaliza kuuzoa. Mtaalamu wetu akajikuta amepiga magoti kwenye matope na shati lake lile, akikusanya vipande pamoja naye. Hakuna aliyetia saini siku ile.

Angeweza kurudi wiki iliyofuata na kuzipata saini; wengi wangefanya hivyo. Badala yake alikwenda Oraba, kwenye kituo cha mpakani, akakaa siku nne. Aliketi kwenye benchi, kati ya mawakala wa forodha na wabadilishaji fedha, akimuuliza kila mfanyabiashara aliyevuka kutoka Kaya, upande wa Sudan Kusini, kwa nini gunia hili limenunuliwa na lile limekataliwa. Jibu lilikuwa lilelile: makopa, ule muhogo mkavu unaosubiri kusagwa, yana mchanga, au yameota ukungu. Basi soko lilikuwapo, hatua chache kutoka tulipo. Muhogo ulikuwapo. Kilichokosekana ni mahali safi pa kuuanika na mahali pakavu pa kuuweka. Na alipokipitia upya kiwanda chake, aliona kwamba kingechukua mashamba ya watu walewale ambao kilidai kitanunua muhogo wao.

Kikao cha kupitisha mpango kilifanyika mbele ya watu wengi, nami nilikuwapo na daftari langu. Vikao vile huendeshwa kwa Kiingereza. Zamu yake ilipofika alisimama, akageukia madirishani walikosimama wananchi, akasema kwa Kiswahili chao: "Hii mambo ya kiwanda niliandika mimi. Ilikuwa makosa. Naomba tutoe." Mahali pake alitaka viandikwe vichanja vya kuanikia na maghala madogo, kijiji kwa kijiji. Wajumbe wakamshukia. Mmoja alimuuliza kama amesomea uchumi ili aje kuwajengea wanawake vitanda vya muhogo. Hakubishana naye. Alikaa, akaendelea kuandika. Lakini kwa kuwa aliyekiandika amekikana mbele ya wananchi, kiwanda hakikupitishwa siku ile, wala baadaye.

Hapa ndipo ninapoingia. Nilirudi Arua nikaandika safu ya kuchekesha. Nilisema wenzetu wanajengewa viwanda, sisi tuna mtaalamu wa ndoto ndogo anayetutandikia vitanda vya muhogo. Watu walicheka, na nilipongezwa mpaka sokoni. Mwezi uliofuata mkataba wake haukuongezwa. Sisemi kwamba safu yangu ndiyo iliyomwondoa. Lakini niliambiwa na mtu aliyekuwamo kwamba ilisomwa kwa sauti katika chumba kile walimoamua. Na kinachonichoma zaidi ni kwamba mimi ni mzaliwa wa Dadamu. Mama yangu alianika muhogo juu ya jabali nyuma ya nyumba, na kazi yangu ilikuwa kuwafukuza mbuzi. Nilijua mvua moja inaifanya nini kazi ya wiki nzima. Nilijua, na bado nilicheka.

Wiki chache baadaye alikuja ofisini kwangu. Nilijiandaa kwa ugomvi. Aliuliza tu kama nina siku moja ya nafasi. Tulikwenda Oraba, na njia nzima alizungumzia nyuki na bei ya ufuta, safu yangu hakuitaja. Tulipofika alinionyesha mwanamke aliyeleta magunia mawili. Mfanyabiashara kutoka ng'ambo, mama mmoja wa Sudan Kusini mwenye sura ya upole, alilifungua la kwanza, akachukua kipande, akakinusa, akakivunja mezani. Punje za mchanga zikadondoka. "Hii ni chakula ya watoto," alisema taratibu. "Watoto iko nakula mchanga?" Hakumtukana, hata alimpa pole. Lakini mwenye magunia aliyabeba tena, nasi tulimwona akitafuta pikipiki ya kumrudisha na mzigo uleule aliokuja nao.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza kwa nini hajanilaumu. "Ndugu yangu, wewe uliandika bila kufika," alisema. "Na mimi pia. Sasa tumefika wote."

Bila mshahara wa kamati, alirudi kwa yule mjane wa Lurujo. Wakajenga kichanja cha kwanza kwa mianzi na wavu. Mchwa wakala nguzo zake kabla ya mavuno kwisha, kikaanguka na muhogo wote. Wakajenga cha pili kwa nguzo zilizochomwa miisho, kisha vingine, na ghala dogo lililoinuliwa kutoka ardhini. Msimu uliofuata yule mama wa Sudan Kusini alinusa kipande, akakivunja, akaagiza gunia lipakiwe bila kufungua la pili. Baadaye kukawa na kipindi cha wasiwasi ng'ambo ya mpaka, malori yakasimama Oraba wiki baada ya wiki. Zamani muhogo ungeoza hapo hapo. Safari hii makopa yalisubiri ghalani, makavu, mpaka akina mama walipopata wanunuzi huku Arua. Na ile ardhi iliyotakiwa na mwekezaji inalimwa mpaka leo na wenyewe.

Sisemi haya kuwatukana wanaotaka viwanda. Hata yeye hakuvichukia. Alikuwa akisema kwamba siku moja muhogo wenyewe utakidai kiwanda, na siku hiyo wakulima watajua wadai nini. Ninachosema ni kwamba tumezoea mipango inayoanzia kwenye kile ambacho wakubwa wangependa kukizindua. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nasi tunawafundisha watoto methali hiyo shuleni, kisha tunawapa vyeo wasiouliza. Yeye aliuliza akiwa tayari na jibu lake limechapwa na kufungwa vizuri, na hilo ni gumu zaidi. Nimewaona wasomi wengi wakitetea ukurasa kwa sababu tu wameuandika wao. Wapo waliobeba makosa yao mpaka kaburini ili wasionekane wamekosea. Huyu aliliweka kosa lake chini mbele ya watu, likamgharimu kazi, akaendelea kuishi kama mtu aliyepunguziwa mzigo.

Nilimtembelea alipokuwa mgonjwa. Nilimwomba radhi, kwa kuchelewa sana, nikakiri kwamba kila wiki nilikusudia kuirekebisha ile safu na kila wiki nilipata la kuandika lingine. Alicheka mpaka akakohoa. Aliniambia yeye alikwisha sahau, ila wapo waliosoma maneno yale na wakayaamini, na hao ndio ninaodaiwa nao maelezo, si yeye. Akabadilisha mazungumzo, akaniuliza habari za mvua Dadamu.

Nilichelewa tena, akafa hajaisoma safu ya kurekebisha. Kwa hiyo naiandika sasa, waziwazi, kama alivyosimama yeye pale ukumbini. Niliwaambia katika safu hii kwamba alikuwa mtu wa ndoto ndogo. Hayo niliandika mimi, na yalikuwa makosa; naomba tuyatoe. Namshukuru kwa kunichukua Oraba siku ile badala ya kunitukana, na kwa kunionyesha kwamba mtu anaweza kusema amekosea asipungukiwe na heshima. Anayepungukiwa ni yule anayesubiri mpaka mwenye haki ya kusikia amekwisha zikwa.