Mavyaa Nyuma ya Pazia Langu

Mjukuu wangu ni askari polisi hapa Maskati. Ana sare, ana kofia, na akipita na gari la kazi mimi nnawaita majirani watazame. Nnajigamba, ndiyo. Kabla yake nilikuwepo mimi, sina sare wala kofia, nna pazia la gunia tu pale forodhani Matrah, zama za sultani mzee, hata bandari hii haijajengwa.

Kazi yangu kuwapekua wanawake wanaoshuka vyomboni. Mwanamume hawezi kumgusa mke wa mtu, na wanawake wa mji waliikataa, wakasema aibu. Mimi nimetoka Unguja kwa mapinduzi na nguo nilizovaa. Mume wangu kaumia mgongo kwa kubeba magunia. Nikaichukua. Lakini raha sikuipata. Nikilala, vidole vinapapasa shuka. Nikila, sikio liko mlangoni. Mkubwa wa forodha alishaniambia: risasi ikipita kwako, wewe na mumeo ngomeni, na pingu miguuni.

Asubuhi moja kikaja chombo cha Qurayyat, na ndani yake mavyaa wangu, mama wa mume wangu, anakuja kumwoza mwanawe wa mwisho. Akaingia nyuma ya pazia na barakoa yake usoni, kanyoosha mkono niubusu. Nikaubusu. Kwetu mkaza mwana hakai mkeka mmoja na mavyaa mpaka aambiwe, sembuse kumtia mkono maungoni.

"Haya, nipishe, bahari imenichosha."

"Mama, nyanyua mikono."

Akacheka. "Unanichezea?"

"Nnakuomba, mama."

"Ya hurma, mwanamke wee! Mimi nimemzaa mumeo!"

"Najua. Nyanyua mikono."

Nje askari akagonga rungu. "Yallah! Mmelala humo?"

Nikaanza ukosini, nikashuka kwapani. Kiunoni nikakuta mkanda wa nguo, mgumu, mzito. Risasi. Akanidaka mkono, akanong'ona.

"Za harusi hizo. Harusi bila bunduki kulia si matanga hayo? Nyamaza, mwanangu."

Miaka yote ile hakuwahi kuniita mwanangu. Bora angenitukana. Nikaufungua mkanda, nikatoka nao, nikauweka mezani mbele ya wanaume. Nikasema huyu ni mama wa mume wangu, ni mtu mzima, hizi ni za harusi, msimguse. Risasi wakazichukua. Yeye wakamkaripia, wakamwachia kwa uzee wake. Akapita mbele yangu kama mimi ni nguzo.

Harusi ikaliwa kimya, haukusikika hata mlio mmoja. Nikazunguka na sinia ya halua kwa wanawake. Mavyaa akapaza sauti: "Msile! Mikono hiyo inatoka maungoni mwa watu." Wakacheka, mikono ikarudi mapajani. Nikamega pande kubwa, nikalila papo hapo, nimesimama, wananitazama.

Kulipokucha, mume wangu kakaa kizingitini, miguu kaitandaza mlango mzima.

"Mama kasema uchague. Lile pazia au nyumba hii."

"Na wewe unasemaje?"

Akasugua mgongo wake. Mimi nimeshavaa buibui, miguu inaniwasha.

"Nnakuuliza wewe, baba watoto. Simuulizi mama yako."

Akaikunja miguu. Hakusema nenda, hakusema kaa. Nikamruka, nikashuka kichochoro mbio, maana chombo cha Qantab kilikuwa kishatia nanga, na wanawake wameanza kushuka.